Ruzuku ya kompyuta za maktaba: tununue 20 mpya, 40 zilizotumika, au kuna njia nyingine?

"Habari mtaalamu. Mi ni mkutubi kwenye maktaba ya umma, tuko wafanyakazi watatu. Tumepata ruzuku ya kununua kompyuta, barua inasema pesa itumike ndani ya miezi 12 na tuandike ripoti. Saivi tuna kompyuta nne tu, zimezeeka na zina Windows 10. Watu wanajiandikisha kwenye daftari, kwa siku wanafika kama 45 na kila mtu anapewa nusu saa. Tunafungua saa nne asubuhi tunafunga saa kumi na mbili jioni, na wengi wanakuja kuanzia saa tisa. Mwenyekiti wa kamati anataka desktopu mpya 20 kwa sababu pesa inafika. Muuzaji mmoja anasema kwa pesa hiyohiyo anatupa 40 zilizotumika. Kijana anayetusaidia mambo ya kompyuta anasema tuchukue laptopu. Mi hofu yangu ni kwamba miaka mitatu ijayo zisije zikawa zimefunikwa kitambaa kule kona. Pia watu wanasahau kutoka kwenye imeili zao, na vairasi vya kwenye flashi haviishi. Tufanyeje? Na zile nne za zamani tuzipeleke wapi?"

Asante sana ndugu yangu, na hongera kwa ruzuku maana najua barua moja ya kukubaliwa inatanguliwa na ngapi za kukataliwa. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo ila ukiyasoma vizuri yote yanatoka kwenye hiyo hofu yako ya kitambaa, na nakwambia hofu hiyo ni ya msingi, ndo inatakiwa iongoze manunuzi yote. Swali ambalo kamati inajiuliza ni "pesa inatosha kompyuta ngapi", na hilo muuzaji yeyote anakujibu ndani ya dakika mbili. Swali lenu halisi ni hili, sisi watu watatu tunaweza kuzifanya kompyuta ngapi zibaki zinafanya kazi baada ya mfadhili kuondoka? Hapo jibu linakuja dogo kuliko 20, na dogo sana kuliko 40.

Tuanze na daftari lako, kwa sababu una takwimu ambazo maktaba nyingi hazina na naona hujajua thamani yake. Mashine nne, kila mtu nusu saa, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili mnahudumia watu 24, basi, hata mlango ukijaa. Kwa hiyo foleni yenu ni ya jioni, asubuhi huenda mashine zinakaa tupu. Sasa tuseme jioni waje 30 badala ya 24, na kila mtu umpe saa nzima badala ya nusu, maana nusu saa mtu anayejaza maombi ya kazi hata viambatanisho hajamaliza kupakia. Watu 30, saa moja moja, ndani ya masaa matatu, hizo ni mashine 10. Ongeza mbili kwa sababu habari zikienea kwamba kuna kompyuta nzuri watu wataongezeka, na kwa sababu siku yoyote ile moja itakuwa inaumwa. Kumi na mbili. Kwa masaa nane mnayofungua hiyo ni nafasi 96 za saa nzima kwa siku, wakati saivi wanafika 45. Mpelekee mwenyekiti hesabu hiyo ikiwa kwenye karatasi, usimwambie tu "20 ni nyingi", mwonyeshe daftari.

Najua atakachosema, kwamba pesa ikibaki tutarudisha. Hapana. Hiyo tofauti ya mashine nane ndo inayonunua kila kitu kinachofanya zile 12 ziishi. Mi kwa uzoefu wangu kwenye kila sehemu kumi za ruzuku ya namna hii, tano au sita ndo ziende kwenye mashine zenyewe, zinazobaki ziende kwenye umeme, mtandao, waranti ya miaka mingi, programu ya kulinda mashine, viti na meza, mafunzo ya nyie wafanyakazi, na akiba ya vipuri. Ukiona bajeti ambayo sehemu tisa kati ya kumi ni mashine, jua kuna mtu atakuja kuzilipia hizo gharama nyingine baadae, na mara nyingi huyo mtu anakuwa hayupo.

Jambo hili si geni kwenye maktaba. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, alipokuwa akifadhili majengo ya maktaba, na alifadhili zaidi ya 2,500 kwenye nchi mbalimbali, sharti lake la kawaida lilikuwa mji utoe kiwanja na uahidi kila mwaka kutenga kiasi kama asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuiendesha. Hakutaka kujenga kitu kije kufa. Taasisi ya Gates nayo ilianza mwaka 1997 kuweka kompyuta zenye intaneti kwenye maktaba za umma Marekani, na miaka ilivyoenda ikabidi ije na ruzuku nyingine za kubadilisha mashine zilizochakaa. Jengo linakaa miaka mia, kompyuta inakaa mitano sita, kwa hiyo hiyo asilimia 10 ya Carnegie kwa kompyuta hata haitoshi. Kwa mashine 12 iombeni kamati iwe na fungu la kununua mbili mpya kila mwaka. Mbili tu. Baada ya miaka sita mmezungusha zote bila kusubiri ruzuku nyingine, na hakuna siku mtaamka mkute zote zimezeeka kwa pamoja.

Kabla hujanunua chochote isome tena ile barua na mkataba wake, polepole, kalamu mkononi. Tafuta sehemu inayosema gharama zipi zinaruhusiwa. Watu wengi wakiona neno kompyuta wanadhani ni boksi na skrini tu, kumbe wafadhili wengi wanakubali "vifaa na huduma zinazohusiana", yaani UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), nyaya, leseni, waranti, hata mafunzo. Kama haijaandikwa wazi waulize kwa maandishi, imeili fupi tu, "je tunaweza kulipia waranti ya miaka mitano na programu ya ulinzi ya miaka mitatu kwa mkupuo ndani ya kipindi cha mradi?", alafu jibu lao liprinti uliweke kwenye faili. Ruhusa ya mdomo kwenye simu siku ya ukaguzi haikusaidii. Angalia pia kama miezi 12 inahesabiwa kwa tarehe ya kulipa au tarehe ya vifaa kufika, maana mzigo ukichelewa njiani mnaweza kujikuta mmelipa ndani ya muda na bado mna hoja ya ukaguzi. Ikifika mwezi wa nne wa mradi oda iwe imeshatoka.

Sasa twende kwa yule muuzaji wa 40. Sitaki nikwambie zilizotumika ni takataka kwa sababu si kweli. Makampuni makubwa yanabadilisha kompyuta kila baada ya miaka mitatu minne, zile mashine za ofisi zimetengenezwa imara, zinafunguka kirahisi, na vipuri vyake vinapatikana kuliko vya mashine mpya za bei ya chini. Mi kati ya kompyuta mpya ya bei rahisi kabisa na ya ofisi iliyotumika miaka minne ikakarabatiwa vizuri, nachukua ya ofisi. Tatizo lipo kwenye umri, na umri unausoma kwenye kibandiko. Windows 10 Microsoft waliacha kuisapoti tarehe 14 Oktoba 2025, kuna nyongeza ya muda mfupi ya marekebisho ya usalama lakini si kitu cha kujengea mradi mpya. Windows 11 inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na upande wa Intel kwa ujumla inataka prosesa (ule ubongo wa kompyuta) ya kizazi cha 8 kuendelea. Kizazi unakiona kwenye jina, i5-8500 hiyo 8 inayofuata baada ya kistari ndo kizazi, i5-6500 ni cha 6, na i5-10400 ni cha 10. Muuzaji akikupa 40 kwa bei ya 20 uwezekano mkubwa ni za kizazi cha 6 au 7, ndo maana zinauzwa haraka haraka.

Ukitaka kuchukua zilizotumika mwambie alete moja ya mfano na uikague mwenyewe na huyo kijana wenu. Iwasheni, muingie kwenye ile menyu ya mwanzo kabla Windows haijapanda, muone kama haijafungwa na paswedi ya mwenye mali wa zamani, maana paswedi hiyo wakati mwingine haitoki. Alafu iunganisheni na intaneti na muiweke upya kabisa, kama ilikuwa ya kampuni na haikuondolewa kwenye mfumo wao itawadai imeili ya kampuni hiyo na hapo hamuendi popote. Diski iwe SSD, si ile ya kuzunguka. Wekeni programu ya bure kama CrystalDiskInfo, itawaonyesha diski imekuwa imewaka masaa mangapi na afya yake ikoje. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isipungue GB 8, na 16 kama inawezekana. Na mkataba uandike modeli kamili ya prosesa, si "Core i5" tu, maana Core i5 zipo za tangu mwaka 2009.

Kuhusu laptopu kijana hajakosea sana, inategemea chumba. Kama hamna nafasi ya meza, au umeme unakatika sana, laptopu inaendelea na betri yake na mtu hapotezi kazi. Lakini betri zinachoka ndani ya miaka michache, kibodi ikimwagikiwa chai unabadilisha nusu ya mashine wakati ya desktopu ungetupa kibodi tu ukaweka nyingine, na laptopu inatoka mlangoni ndani ya begi. Mi ningeweka mbili tatu za mafunzo, zilizobaki ziwe desktopu. Kuna zile desktopu ndogo zinazofungwa nyuma ya skrini, hizo nazipenda sana kwa maktaba kwa sababu hazichukui nafasi na zinakula umeme kidogo. Tableti mi nashauri muziache, watu wanakuja kuandika barua na kujaza fomu, si kutazama.

Chromebook, zile laptopu zenye mfumo wa Google badala ya Windows, pia ni chaguo la kweli, ni rahisi kusimamia na vairasi vya kawaida vya Windows havifanyi kazi humo. Ila kuna mtego ambao wengi hawaujui: Google wanaahidi apdeti za miaka 10, lakini miaka hiyo inahesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka, siku ya wewe kuinunua haihusiki. Ukiuziwa ya stoo iliyotoka zamani unaweza kukuta imebaki miaka minne. Tarehe ya mwisho ya kila modeli Google wameiweka wazi, itazameni kabla ya kulipa.

Haya, imeili na vairasi. Hapa naomba unielewe vizuri kwa sababu kuna imani kwamba ukilipia antivairasi kali mambo yameisha. Antivairasi inakamata vitu inavyovijua. Haiwezi kukusaidia mama wa watu akiacha akaunti yake ya imeili wazi na anayefuata akakaa akaanza kusoma. Kinachotokea ni hivi, ukiingia kwenye imeili ile tovuti inaipa braoza kipande kidogo cha data, kama kitambulisho, na kuanzia hapo kila ukibofya braoza inaonyesha kile kipande, paswedi haiulizwi tena. Ukifunga dirisha kile kipande kinabaki. Atakayefungua anaonekana ni wewe. Ndo maana kuwaambia watu "msisahau kutoka" hakutoshi, mtu ana haraka, mtoto analia, gari linaondoka.

Dawa yake ni kuifanya mashine isahau yenyewe. Kuna programu, maarufu ikiwa Deep Freeze, na Windows za matoleo ya Enterprise na Education zina kitu cha namna hiyo ndani yake, ambazo zinachukua ile hali safi ya diski na kuigandisha. Ni kama kuweka plastiki angavu juu ya ukurasa wa kitabu, watu wanaandika juu ya plastiki siku nzima, ukiivua ukurasa uko vilevile. Kila kitu anachofanya mtumiaji, faili alilopakua, programu aliyoweka, akaunti aliyoiacha wazi, hata kirusi kilichotoka kwenye flashi, kinaandikwa pembeni na mashine ikizimwa na kuwashwa kinafutika. Kwa kazi yenu ya watu watatu hiki ni kitu chenye thamani kuliko mashine zile nane mnazoziacha. Badala ya fundi kuja kusafisha kila wiki, mnabonyeza kitufe cha kuwasha upya.

Kina masharti yake lakini. Mashine lazima iwashwe upya kati ya mtu na mtu, kwa hiyo ongezeni programu ya kuhesabu muda ambayo saa ikiisha inafunga na kuwasha upya yenyewe, na daftari nalo linapumzika. Watu waambiwe mapema na kwa maandishi makubwa juu ya kila skrini kwamba ukizima kazi yako inapotea, hifadhi kwenye flashi au jitumie kwa imeili, maana machozi ya mtu aliyepoteza wasifu wake wa kazi dakika ya mwisho si kitu kizuri kukiona. Na apdeti nazo zinafutika kama mashine imegandishwa, inabidi mpange usiku mmoja kwa wiki zigandulike, zipokee apdeti, zigande tena. Hapa ndo mashine nyingi zinaharibikiwa, mtu anazigandisha mwaka mzima anasahau, zinabaki na mashimo ya usalama ya mwaka jana.

Mkikosa pesa ya leseni, Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, ni njia nzuri na ina akaunti ya mgeni inayojifuta mtu akitoka, ikipangwa vizuri. Kazi nyingi saivi ziko kwenye braoza, LibreOffice inafungua mafaili ya Word ingawa mpangilio unaweza kusogea kidogo. Ila kuweni wakweli nafsini mwenu, mna mtu anayeijua na atakayekuwepo mwakani? Kama ni huyo kijana peke yake na anatafuta ajira mji mwingine, fikirini mara mbili.

Intaneti sitakaa sana, ila fanya hesabu hii. Laini ya Mbps 20 ikigawanywa kwa mashine 12 zote zikiwa kazini kila moja inapata chini ya 2, inatosha fomu na imeili, haitoshi video za darasani. Na asubuhi mkiwasha zote kwa pamoja kila moja inaanza kuvuta apdeti yake, laini inazimia na watu wanasema kompyuta mpya ni mbovu. Windows ina sehemu ya kuruhusu mashine zigawane apdeti zenyewe kwa zenyewe ndani ya jengo, iwasheni. Waya ni bora kuliko Wi-Fi kwa mashine zisizohama.

Umeme ndo kitu cha kwanza kumwita mtu aje kwa miguu yake. Desktopu kubwa na skrini yake ichukulie kama wati 100, ishirini ni wati 2,000, na umeme huo wote unageuka joto ndani ya chumba chenu. Fundi umeme mwenye leseni apite aangalie nyaya, waya wa ardhini, na saketi ya chumba kabla hamjaoda hata moja. UPS ipo ili mtu apate dakika chache za kuhifadhi na kuzima, haikusudiwi kuendesha kazi saa nzima, betri zake za asidi zinadumu miaka mitatu mpaka mitano kwa hiyo nazo ziingie kwenye fungu la kila mwaka, na printa ya leza msiichomeke upande wa betri, inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Mtu wa mtandao naye aje apime mwenyewe, asikadirie kwenye simu. Na kama mkataba wa ruzuku una kipengele ambacho wewe na kamati mnakisoma kila mtu na maana yake, mpelekeeni mhasibu au mwanasheria wa taasisi inayowasimamia kabla ya kusaini oda.

Kitu kimoja hukukiuliza, naomba nikiongeze. Kati ya hizo 12 moja iwe ya watu wenye ulemavu, meza inayoingiza kiti cha magurudumu, skrini kubwa, kibodi yenye herufi kubwa, hedifoni, na programu ya NVDA inayosoma skrini kwa sauti, ni ya bure kabisa. Haiongezi gharama kubwa, na kuna mtu hapo mjini hajawahi kuja kwenye maktaba yenu kwa sababu hakuna kilichomsubiri. Mfanyakazi mmoja ajifunze NVDA vizuri ili aweze kumkalisha mtu na kumwonyesha.

Zile nne za zamani, usizigawe kama zilivyo. Ndani ya diski zake kuna miaka ya nyaraka za watu, vitambulisho walivyoskani, wasifu, paswedi zilizohifadhiwa kwenye braoza, na kufuta mafaili kwa njia ya kawaida hakuyaondoi, kunaondoa anwani yake tu, mwenye programu ya kurejesha anayapata. Diski ya kuzunguka ifutwe kwa programu inayoandika juu ya diski nzima, SSD itumie amri ya kufuta iliyotengenezwa na kiwanda chake, na isiyowaka itolewe na kutobolewa. Baada ya hapo mbili ambazo bado zina nguvu wekeni Linux nyepesi na mzifanye za kutafutia vitabu kwenye katalogi tu, mbili zilizobaki zifanyeni vipuri, na mkishachukua mnachotaka mabaki yaende kwa wanaosindika taka za kielektroniki, msizitupe jalalani. Kwenye daftari la mali andikeni kila moja imeenda wapi na nani kasaini, kwa sababu mkaguzi wa ruzuku mpya akifika ataanza kwa kuulizia mali za zamani.

Mkishapata proforma, yaani karatasi za bei, kutoka kwa wauzaji watatu nitumie, ukifuta majina ya wauzaji, nikuangalizie modeli za prosesa na masharti ya waranti kabla kamati haijakaa.